Obokano kuukuu: Bei huitishwa kwa kumtazama mnunuzi usoni

MWEZI wa Agosti unapokaribia, shule zinapojiandaa kwa fainali za Tamasha ya Muziki ya Kenya, walimu wa muziki katika kaunti za Kisii na Nyamira huanza kuulizana swali lile lile: nani ana obokano?

Jibu hupatikana kwa taabu. Mara nyingi ni mzee fulani kijijini aliyerithi ala hiyo kwa baba yake, au mjane aliyeiweka darini tangu mumewe afariki. Bei inapotajwa, mwalimu hushtuka. Chombo ambacho ngozi yake imepasuka na nyuzi zake mbili hazipo huitishwa fedha ambazo zingenunua gitaa jipya dukani Nairobi, mfuko wake ukiwa juu.

Je, mwalimu huyo anapunjwa? Au ndiyo kwanza ala ya Abagusii imepata thamani iliyostahili siku zote? Maswali haya mawili hujibiwa kwa haraka na kwa hasira, kila upande ukivutia kwake. Uchunguzi wa jinsi bei hiyo inavyozaliwa unaonyesha kwamba hakuna upande ulio na hakika ya inachosema.

Obokano ni ala ya nyuzi nane, na ni mojawapo ya ala kubwa zaidi za ukoo wa vinubi barani Afrika. Wataalamu wa muziki wa kigeni wameifananisha na fidla kubwa ya besi ya Ulaya, kwa kuwa sauti yake ni nzito na yenye mtetemo unaosikika kifuani kabla ya kufika sikioni. Bakuli lake huchongwa kwa gogo moja la mti na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Mikono miwili hutoka kwenye bakuli na kushikwa juu na mti wa kukingama, ambako nyuzi huzungushwa na kukazwa.

Majirani wana ndugu zake. Waluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, Wakuria wana iritungu. Lakini obokano ni kubwa mno kiasi kwamba mpigaji haibebi huku akitembea. Huketi mbele yake kama mtu anayezungumza na mgeni.

Zamani ala hii haikuwa na bei. Haikuuzwa sokoni kama jembe au chungu. Mpigaji aliichonga mwenyewe au alichongewa na mtu aliyemjua, na malipo yalikuwa ya kijirani. Thamani yake ilionekana katika enyangi, yaani sherehe kamili ya ndoa ya Kigusii, na katika mikutano ya wazee waliozunguka chungu cha busaa huku mpigaji akisifu na kusuta. Aliyealikwa ni mtu, na chombo kilimfuata.

Mambo yalibadilika kwa hatua. Misheni za Kikatoliki na za Waadventista Wasabato zilipojikita Nyabururu na Nyanchwa mapema katika karne ya 20, ngoma za pombe zilipigwa vita, na ala iliyoandamana na pombe haikusalimika. Baadaye likaja gitaa, kisha redio. Leo wasikilizaji wa Egesa FM na Minto FM wanapata muziki wa Ekegusii tangu alfajiri hadi usiku bila kumwalika mpigaji nyumbani.

Pana pia suala la ardhi, ambalo wachambuzi wa utamaduni hulisahau. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Hizi ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye msongamano mkubwa zaidi nchini. Shamba lililogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, haliachi nafasi ya mti wa kienyeji kukua miaka mingi hadi shina lake litoshe bakuli la obokano. Penye nafasi hupandwa mkaratusi, kwa sababu mkaratusi hukatwa upesi na kuni zake zina mnunuzi, vikiwemo viwanda vya chai.

Kwa hiyo uhaba upo, na haukutungwa na walanguzi. Aliye na obokano nzuri ana kitu ambacho si rahisi kukitengeneza upya wiki ijayo.

Hata hivyo, uhaba peke yake hauelezi bei. Vitu vingi ni adimu na havina mnunuzi.

Wanunuzi wa obokano kuukuu ni wa namna tatu, na hawafanani hata kidogo.

Wa kwanza ni shule. Tamasha ya Muziki ya Kenya, yenye mizizi yake katika miaka ya 1920, ina mashindano ya ala za kiasili, na shule ya Gusii inayopanda jukwaani bila obokano huonekana kama bwana harusi aliyesahau viatu. Mwalimu hununua akiwa na haraka, tarehe ya mashindano ikiwa ukutani, na muuzaji anajua.

Wa pili ni Wagusii walio ng'ambo. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, wapo maelfu ya watu wenye asili ya Kisii na Nyamira, na watoto wao waliozaliwa huko wamesikia Ekegusii jikoni kuliko mahali pengine popote. Mzazi anayerudi likizo Desemba na kukuta obokano ya babu yake inauzwa na binamu hafanyi hesabu ya mbao na ngozi. Ananunua kumbukumbu, na kumbukumbu haina mizani.

Wa tatu ni mkusanyaji wa vitu vya kale, mwenye hoteli anayetaka pambo la ukutani, au mgeni aliyevutiwa na muziki wa eneo la ziwa. Kundi hili lilipata nguvu ala za huku zilipoanza kusikika nje. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka 2019, alipeleka sauti ya nyatiti duniani kwa albamu iliyotolewa 1993, na wimbo wake mmoja ukatumika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Mjapani Eriko Mukoyama alijifunza nyatiti katika nchi ya Waluo na leo anajulikana kama Anyango. Upande wa Gusii, mshairi Grandmaster Masese ameipandisha obokano katika majukwaa ya mijini, mbele ya vijana ambao hawajawahi kuiona kwa babu zao.

Muuzaji aliye kijijini hajui ni yupi kati ya watatu hawa atakayebisha hodi. Anachoweza kufanya ni kumtazama usoni, kuangalia gari alilokuja nalo na kusikiliza lafudhi yake. Ndipo hutaja bei. Ndiyo maana chombo kile kile kinaweza kuitishwa bei moja asubuhi na maradufu yake jioni, bila muuzaji kujiona mwongo.

Mtu akienda soko la Daraja Mbili mjini Kisii kutafuta koti la mtumba, ataitishwa bei ya juu pia. Lakini hatua tatu mbele yuko muuzaji mwingine mwenye koti kama hilo, na wa tatu nyuma yake. Wingi wa wauzaji ndio unaomshusha kila mmoja. Mnunuzi hahitaji ujuzi wa vitambaa. Anahitaji miguu tu. Katika obokano hakuna muuzaji wa pili. Anayeondoka kwa hasira analazimika kusafiri hadi kata nyingine, pengine kaunti nyingine, asijue kama atakuta kitu.

Ulimwenguni hali hii si ngeni. Mfano mzuri ni ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne. Mnamo Agosti 1879, meli iliyoitwa Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na wahamiaji kutoka kisiwa cha Madeira cha Ureno. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa mbao waliojua kuunda kigitaa cha kwao, nacho kikapata jina jipya na makao mapya Hawaii. Kufikia 1916 kampuni ya Martin ya Marekani ilikuwa ikiuza ukulele, na mwaka huo huo kampuni ya Kamaka ikaanzishwa Honolulu.

Tangu hapo ala hiyo imepanda na kushuka na mitindo. Ilivuma miaka ya 1920, ikafifia, ikarudi miaka ya 1950, ikafifia tena, kisha ikafufuka baada ya Israel Kamakawiwoʻole kutoa albamu yake ya 1993. Kila inapovuma, zile kuukuu huvutwa kutoka stoo na kuandikwa bei za kutisha. Ukulele ya Martin ya zamani iliyotengenezwa kwa mti wa koa huuzwa kwa maelfu ya dola.

Lakini wanunuzi wa ukulele wana silaha ambayo mwalimu wa Nyamira hana. Wanajua tofauti ya bei inayoulizwa na bei iliyolipwa. Rekodi za minada hubaki, na mtu anaweza kuona kwamba chombo kilichoandikwa dola 3,000 kwa miezi minane bila kununuliwa hakina thamani ya dola 3,000. Kina matumaini ya dola 3,000. Pia alama ya kiwanda, aina ya mti na umbo la kichwa humwambia mjuzi kilitengenezwa karibu mwaka gani.

Obokano haina muhuri wa kiwanda, na mauzo yake hayaandikwi popote. Bei pekee inayosambaa ni ile ya majivuno: fulani aliuza yake kwa Mzungu kwa kiasi hiki. Hakuna anayethibitisha, na kiasi hicho huongezeka kila kinapopita kijiji kingine. Muuzaji anayefuata huanzia hapo.

Hesabu kidogo inaweza kusaidia, ingawa tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Tuseme fundi anatumia siku kumi kuchonga, kukausha na kuwamba, na ujira wake ni Sh1,000 kwa siku. Tuseme gogo, ngozi na nyuzi vinagharimu Sh5,000. Obokano mpya basi itakuwa imemla Sh15,000, na fundi akiongeza faida ya theluthi moja, atauza kwa Sh20,000. Ikiwa obokano kuukuu inaitishwa Sh60,000, mnunuzi anapaswa kujiuliza hizo Sh40,000 za ziada zinalipia nini.

Haziwezi kulipia ngozi. Ngozi hulegea, hupasuka, huliwa na wadudu. Ala iliyopigwa kwa miaka mingi imebadilishwa ngozi zaidi ya mara moja. Haziwezi kulipia nyuzi, kwa kuwa zile za asili zilizotokana na mishipa ya wanyama zimeacha nafasi kwa nyuzi za nailoni za kuvulia samaki. Kinachobaki cha kale ni bakuli na pengine mikono. Ikiwa bakuli ni zuri, lenye mti mgumu usio na ufa, hapo kweli pana kitu cha kulipia, maana gogo la namna hiyo ni shida kulipata leo.

Ukuukuu wenyewe, hata hivyo, si ushahidi wa ubora. Na ni rahisi mno kuutengeneza. Moshi wa jikoni kwa miezi michache, mafuta kidogo na mikono ya watoto vinaweza kulipa bakuli la juzi sura ya karne iliyopita. Mnunuzi asiyejua kuigonga ngozi na kusikiliza ananunua masizi.

Wakazi wa Tabaka wanayajua haya kwa upande mwingine. Mawe ya sabuni yanayochimbwa huko, katika eneo la Mugirango Kusini, huchongwa vinyago na sahani zinazouzwa Nairobi, Ulaya na Marekani. Malalamiko ya wachongaji ni ya miaka mingi: anayepata faida ni aliye karibu na mnunuzi wa mwisho, si aliye karibu na jiwe. Obokano ikifuata njia hiyo, mjane wa kijijini atauza kwa kile anachokiona kuwa fedha nyingi, naye dalali atauza tena mjini kwa kile ambacho mjane hatakisikia kamwe. Yule anayelaumiwa kwa bei ya juu pengine ndiye aliyepata sehemu ndogo.

Gharama ya kusafirisha nayo huchekesha wasiowahi kuilipa. Mashirika ya ndege hutoza mzigo mkubwa mwepesi kwa ukubwa wake. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Sanduku la sentimita 120 kwa 60 kwa 50 huhesabiwa kama kilo 60, hata likiwa na obokano ya kilo 10. Ongeza kwamba ngozi ambayo haikutiwa dawa inaweza kuzuiliwa na maafisa wa karantini. Wapo wanunuzi wa ng'ambo ambao hulipa nauli kuliko ala.

Sheria inasemaje? Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kitaifa ya mwaka 2006 inavitambua kama vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na vinahitaji kibali kabla ya kupelekwa nje. Hapa pana kejeli. Muuzaji anayeapa kwamba obokano yake ni ya babu wa babu yake ili apandishe bei anajitia katika sheria hiyo. Akisema ukweli, kwamba ilichongwa miaka ya 1960, anaiepuka, lakini bei inaanguka. Dalali mjanja husema moja kwa mnunuzi na jingine uwanjani.

Suala la kuhamishwa kwa turathi si la kubuni. Mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo katika taasisi za ng'ambo, ambao Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalishiriki pamoja na wasanii wa Nairobi na makavazi ya Cologne na Frankfurt, ulihesabu zaidi ya vitu 32,000. Maonyesho yake yalifanyika mwaka 2021. Vingi vya vitu hivyo viliondoka nchini enzi ambazo mwenye navyo hakuwa na nafasi ya kutaja bei. Anayemlaumu mzee wa leo kwa kuitisha fedha nyingi asisahau kwamba waliomtangulia hawakuulizwa.

Lakini kwa shule za umma, shida ni ya aina nyingine, na ni nzito zaidi. Fedha ni za mlipa kodi. Mnamo 2018 serikali ilipanga mgao wa Sh22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa, na sehemu ndogo tu ya mgao huo ndiyo ya michezo, muziki na shughuli kama hizo. Walimu wakuu wamelalamika mara kwa mara kwamba mgao hufika ukiwa umechelewa au umepungua. Katika shule ndogo, obokano moja ya bei ya kuruka inaweza kumeza fungu la timu nzima ya mpira.

Isitoshe, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka bidhaa zenye bei inayojulikana zinunuliwe kwa bei iliyopo sokoni. Kwa chaki na unga wa ugali, sawa. Obokano haina bei ya soko, kwa sababu haina soko. Mkaguzi wa hesabu akiuliza mbona shule ililipa kiasi hiki, mwalimu hana risiti ya pili ya kulinganisha, na mzee aliyemuuzia hana hata kitabu cha risiti. Matokeo yake ni mawili: mwalimu mwoga haninunui kitu, na mwalimu mjanja hupata mwanya wa kuandika bei ambayo mzee hakuitaja. La pili ndilo linalopaswa kuwakosesha usingizi wanachama wa bodi za shule.

Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 zina jukumu la shughuli za kitamaduni, zingeweza kupunguza fumbo hili bila gharama kubwa. Si lazima kujenga jumba. Daftari la mafundi wachache waliosalia, kila mmoja na bei yake ya obokano mpya, lingetosha kuwapa wanunuzi mahali pa kuanzia. Bei ya kipya ndiyo dari ya kawaida ya bei ya kikuukuu. Dari hiyo isipojulikana, kuukuu hupaa kadiri upepo unavyotaka. Kwa sasa, walimu wengi huamini kwamba obokano haitengenezwi tena, na imani hiyo ndiyo rafiki mkubwa wa muuzaji.

Shule ingeweza pia kukodi. Mpigaji akialikwa pamoja na chombo chake kwa muhula mmoja, afunze wanafunzi sita kukaza nyuzi na kupiga, fedha ile ile hununua vitu viwili. Mzee hubaki na urithi wake, mjukuu wake akiutaka kesho ataukuta. Na mwalimu wa muziki, ambaye mara nyingi si Mgusii na amejifunza muziki kwa kinanda, hupata mtu wa kumweleza kwa nini uzi wa tatu unalia vibaya.

Maana hilo ndilo swali ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha kulipa. Obokano hufikishwa shuleni kwa pikipiki, imefungwa kwa blanketi, kamati ya ununuzi ikiwa imepigana na bei kwa wiki tatu. Siku ya mazoezi hakuna anayejua kuikaza. Mzee aliyeiuza hapigi. Aliyepiga alikuwa baba yake. Kufikia Septemba imetundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, juu ya vikombe vya riadha, na wageni wanaotia saini kitabu huuliza ni kitu gani kile.